Oklahoma Walikataa: Bangi, Sheria na Kaka Yetu



Julai iliyopita alitutembelea seminarini padre mmoja mzaliwa wa kwetu, ambaye kwa miaka kadhaa sasa anafanya utume katika parokia ya vijijini huko Oklahoma, Marekani. Baada ya Masifu ya Jioni Baba Gombera alimwomba azungumze nasi mezani. Tulitegemea habari za baridi na mashamba ya ngano. Yeye akaanza na bangi. Alisema kwamba katika mji wake mdogo, wenye kanisa letu moja na makanisa ya Wabaptisti asiyoweza kuyahesabu, maduka ya bangi ni mengi kuliko vituo vya mafuta. Yana alama ya msalaba wa kijani, na wiki ya kwanza aliingia katika mojawapo kutafuta dawa ya mafua. Bwalo zima lilicheka. Kisha akasema, "Na watu hao hao, mafrateri wangu, Machi 2023 walipigiwa kura ya kuihalalisha bangi kwa kila mtu mzima, wakakataa. Tena si kwa kura chache." Hapo kicheko kikakatika, maana hatukuelewa.

Sisi wa mwaka wa tatu wa falsafa hatukuliacha jambo hilo pale mezani. Muhula huo tulikuwa tunasoma maadili ya jamii, na mlezi wetu aliturudishia swali kama kazi ya darasa: kwa nini watu wakatae kile ambacho baadhi ya majirani zao wanakikubali, na je, wanafanya vema? Makala hii imetokana na mijadala hiyo. Imetokana pia na jambo la nyumbani, ambalo tutalisema mbele kidogo.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa neno. Kwetu Wakatoliki jimbo ni la askofu. Hapa tukisema jimbo tunamaanisha sehemu ya Marekani yenye gavana wake, bunge lake na sheria zake.

Vijiweni tunasikia kila siku kwamba "Marekani wameshahalalisha bangi, sisi ndio tumelala." Si kweli, au tuseme ni nusu ya kweli. Sheria ya nchi nzima ya mwaka 1970 iliiweka bangi katika kundi la kwanza la dawa zilizokatazwa, pamoja na heroini. Kilichotokea ni kwamba majimbo yalianza kuondoa makatazo yao yenyewe, moja baada ya jingine. California iliruhusu bangi ya tiba mwaka 1996. Colorado na Washington ziliiruhusu kwa starehe kwa kura ya Novemba 2012, na leo majimbo yaliyofika hapo ni 24. Karibu nusu, basi. Nusu ya pili haijalala wala haijakosa habari. Baadhi yao wameulizwa, mara nyingine zaidi ya mara moja, na wakajibu. North Dakota wameulizwa mwaka 2018, 2022 na 2024, na mara zote tatu wamesema hapana. Arkansas walikataa mwaka 2022. South Dakota wana kisa kirefu zaidi: walikubali mwaka 2020, mahakama ya juu ya jimbo ikaifuta kura hiyo kwa kasoro ya utaratibu, walipoulizwa tena mwaka 2022 wakakataa, na mwaka 2024 wakakataa tena.

Idaho hawajafika hata kwenye bangi ya tiba. Jimbo hilo linapakana na Washington, Oregon, Nevada na Montana, ambako kote bangi inauzwa dukani. Upande wa Oregon, mpakani kabisa, upo mji mdogo unaoitwa Ontario ambao biashara yake ya bangi inaishi kwa wateja wanaovuka kutoka Idaho. Mwenzetu mmoja aliposikia hivyo alisema, "Basi ni kama Sirari na Isebania, sheria inaishia kwenye kamba." Ndivyo. Mwaka 2014 Nebraska na Oklahoma ziliishtaki Colorado mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani, zikilalamika kwamba bangi ya jirani inamwagika kwao na kuwachosha polisi wao. Machi 2016 mahakama ilikataa kuisikiliza kesi hiyo. Kila mmoja akabaki na mpaka wake na majani yanayovuka usiku.

Sasa lile jambo la nyumbani. Sisi tumezaliwa upande wa Tarime, mkoani Mara, ambako shamba la bangi katikati ya mahindi si hadithi ya kusimuliwa. Tulizaliwa sita. Kaka yetu wa tatu alianza kuvuta akiwa kidato cha tatu, na kabla hajamaliza cha nne alikuwa anaongea na watu ambao sisi hatuwaoni. Alivunja dirisha la kanisa la kigango kwa sababu, alisema, lilikuwa linamtukana. Daktari aliyemwona baadaye alituambia kwamba huenda ugonjwa ulikuwa umejificha ndani yake siku zote, ila bangi iliuita mapema na kuuongezea nguvu.

Usiku mmoja Baba alivaa koti ili aende kuwaita polisi. Mama alisimama mlangoni. "Baba Bhoke," alimwambia, "ukimtoa huyu mikononi mwangu hutanirudishia." Baba akajibu kwamba asipomtoa yeye, bangi itamtoa. Sisi watoto tulikuwa tumekaa kwenye mkeka, tunasikia wazazi wawili wanaompenda mtoto mmoja wakitaka mambo mawili yasiyopatana. Baba alikwenda. Kaka alikutwa na misokoto miwili, akakaa mahabusu miezi mingi, na alirudi akiwa amekonda, mkali, na amejifunza mengine ambayo hakwenda nayo. Baba hajawahi kusema kwamba alikosea. Lakini tangu mwaka ule hajalivaa lile koti.

Kwa hiyo Padre aliposema Oklahoma walikataa, baadhi yetu walishangilia mezani. Sisi hatukushangilia. Tulijiuliza: wamekataa kama Baba, au wamekataa kama Mama?

Tulipozifuatilia kura zao tulikuta jambo ambalo halisemwi vijiweni. Oklahoma ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyoongoza Marekani kwa kufunga watu, na kwa miaka mingi ilishika nafasi ya kwanza kwa kufunga wanawake. Novemba 2016 wananchi waliulizwa kama mtu anayekutwa na dawa za kulevya kwa matumizi yake mwenyewe ahesabiwe tena kuwa mhalifu mkubwa. Asilimia 58 walisema hapana, liwe kosa dogo. Juni 2018 wakaulizwa juu ya bangi kama tiba. Asilimia 57 wakakubali. Na Novemba 4, 2019, baada ya bunge la jimbo kuirudisha nyuma huruma ile ya 2016 ili iwafikie waliokwisha kufungwa, watu 462 walitoka magerezani kwa siku moja, wengi wao wafungwa wa makosa hayo madogo ya dawa za kulevya na wizi mdogo. Hadi siku hiyo Marekani haikuwa imewahi kuachia watu wengi hivyo kwa msamaha wa kupunguziwa adhabu kwa siku moja. Kisha ikaja Jumanne ya Machi 7, 2023, katikati ya Kwaresima, wakaulizwa swali la tatu: je, bangi iuzwe kwa kila mtu mzima kwa starehe? Asilimia 62 wakakataa.

Ni watu wale wale. Kati ya kura ya kwanza na ya mwisho haijapita hata miaka saba. Ukiwaita wenye roho ngumu, kura ya 2016 inakukatalia. Ukisema wamelegea, ya 2023 nayo inakukatalia.

Hapa ndipo Mtakatifu Thoma wa Akwino alipotusaidia, tena si kwa namna tuliyotarajia. Tulimfungua tukidhani atatupa neno la kuwapiga nalo wavutaji. Kuhusu ulevi kweli ni mkali: anayejinyima kwa kusudi matumizi ya akili, ile zawadi inayomfanya atende mema na kuepa mabaya, anatenda dhambi nzito. Hiyo inaihusu bangi bila kuongeza neno, na Katekisimu inafuata njia hiyo hiyo inaposema kwamba kutumia dawa za kulevya, isipokuwa kwa tiba halisi, ni kosa kubwa. Lakini anapofika kwenye sheria ya kibinadamu Thoma anapunguza mwendo. Sheria, anafundisha, imewekwa kwa ajili ya umati wa watu ambao wengi wao si wakamilifu katika fadhila. Kwa hiyo haikatazi kila ovu, bali yale mazito zaidi, hasa yanayowaumiza wengine kiasi kwamba jamii haiwezi kusimama yakiachwa. Huwaongoza watu kwenye wema hatua kwa hatua. Ukiwabebesha wasiokamilika mzigo wa wakamilifu, wataudharau na kuangukia mabaya zaidi.

Mwenzetu mmoja, mpenzi wa John Stuart Mill, aliruka juu: "Basi Thoma mwenyewe angepiga kura ya ndiyo!" Tulibishana hadi kengele. Jibu letu lilikuwa hili, na bado tunalishikilia. Thoma anasema sheria inaweza kuacha kuadhibu. Hakusema sheria ikitoka mlangoni ifungue duka. Mvutaji aliyeachwa bila pingu ni jambo moja. Leseni, kodi, tangazo barabarani, na serikali inayotegemea mapato ya kuvuta kwake kujenga barabara hiyo hiyo, ni jambo jingine kabisa. Na Thoma ana neno jingine ambalo watu hulisahau: kubadili sheria, hata kwa nia njema, kuna gharama yake, kwa sababu sheria hupata nguvu nyingi kutoka katika mazoea, na kila badiliko hulegeza mazoea hayo.

Oklahoma waliiona tofauti hiyo kwa macho. Sheria yao ya tiba ya 2018 ilikuwa pana ajabu. Haikuwa na orodha ya magonjwa. Daktari akisaini, unapewa kadi. Kwa jimbo lenye watu takriban milioni nne, karibu mtu mmoja kati ya kumi alikuwa na kadi, maduka yakapita 2,000, na mashamba yenye leseni wakati fulani yakapita 8,000. Waliokuja kulima si wote walikuwa wakulima. Novemba 2022, katika wilaya ya Kingfisher, watu wanne waliuawa kwa risasi kwenye shamba la bangi, na miezi minne baadaye wananchi wakaenda kupiga kura. Padre alitueleza kwamba waamini wake wengi walisema wazi kuwa mgonjwa apate dawa yake na mtoto aliyeteleza asifungwe, ila hawataki mengine zaidi ya hapo. Kampeni ya kukataa iliongozwa na gavana wa zamani, Frank Keating, naye ni Mkatoliki mwenzetu.

Tusije tukaonekana tunawapamba. Ukataaji huu una upande wake mchafu, na mwanafunzi wa falsafa anayeficha ushahidi usiompendeza heri arudi kulima. Utafiti wa mwaka 2013 wa chama cha kutetea haki za raia cha ACLU ulionyesha kwamba nchini Marekani Mweusi alikuwa na uwezekano wa kukamatwa kwa bangi karibu mara nne zaidi ya Mweupe, ingawa wanaivuta kwa viwango vinavyokaribiana. Mama zetu wa rangi yetu huko wamesimama milangoni mara nyingi kuliko mama wa majirani zao. Sheria inayomkamata mmoja na kumpita mwingine haitakaswi kwa sababu tu jani lenyewe ni baya. Na huko Florida, Novemba 2024, asilimia kama 56 walitaka bangi ihalalishwe, lakini katiba ya jimbo inadai asilimia 60, hivyo hoja ikaanguka. Hapo huwezi kusema wananchi walikataa. Wachache walitosha kuizuia. Kampuni moja inayouza bangi ya tiba ilikuwa imemwaga zaidi ya dola milioni 100 kuisukuma kura hiyo ya ndiyo, na upande wa hapana nao haukukosa matajiri wake.

Kisha kuna habari ya divai, ambayo Padre aliitunza mpaka mwisho, kama mzee anayejua lini atoe tumbaku. Oklahoma iliingia katika muungano wa Marekani mwaka 1907 ikiwa na katazo la pombe, na katazo hilo lilidumu hadi 1959, miaka 26 baada ya nchi nzima kuliondoa lake. Mwaka 1917 walilikaza zaidi kwa sheria isiyobakiza hata divai ya Misa. Shirika la reli likakataa kusafirisha divai ya altare. Padre mmoja wa huko, Urban de Hasque, akaenda mahakamani, na mwaka 1918 Mahakama ya Juu ya Oklahoma ikaamua kwamba sheria ile haiwezi kusomwa kama inalizuia Kanisa kuadhimisha Ekaristi.

Fikirini. Watu wema, wacha Mungu, waliochukia ulevi kwa sababu waliona unavyobomoa nyumba, walikaza kamba mpaka ikafika shingoni mwa kalisi. Sisi tunaoshangilia leo wanapoikataa bangi ni watoto wa Kanisa lililowahi kuomba radhi ya mahakama yao. Tulipolisikia hilo hatukumwita tena mtu yeyote mshindi katika jambo hili.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alizungumza waziwazi juu ya haya. Juni 2014, akiwapokea Roma wakuu wa vyombo vya kupambana na dawa za kulevya, alisema kwamba huwezi kuishinda dawa ya kulevya kwa dawa ya kulevya, na kwamba kuhalalisha hata zile ziitwazo nyepesi hakuleti matunda yanayotarajiwa. Juni 2024, katika katekesi yake, alirudia kwamba kulegeza sheria si njia ya kupunguza uraibu. Askofu Mkuu Samuel Aquila, wakati huo wa Denver, mji mkuu wa jimbo lililotangulia wengine, aliandika barua ya kichungaji Novemba 2023 baada ya kuishi na sheria hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Msimamo wake ni ule ule, na tunamwamini zaidi kwa sababu anaandika kutoka ndani ya nyumba inayoungua. Lakini Fransisko, katika maneno hayo ya 2014, hakuishia kwenye hapana. Alitaka hapana hiyo isindikizwe na ndiyo: ndiyo kwa maisha, kwa upendo, kwa elimu, kwa kazi. Kura ya hapana ni rahisi kuipiga kwa siku moja. Hizo ndiyo nyingine zinataka miaka, na hazina sanduku la kura.

Mafundisho ya jamii ya Kanisa yana kanuni ya auni, aliyoifafanua Papa Pius XI mwaka 1931: kile ambacho jumuiya ndogo inaweza kukifanya vema, kubwa isimnyang'anye. Tulitaka kuitumia kuwatetea Oklahoma na North Dakota dhidi ya wanaowacheka kwamba wamechelewa. Wana haki ya kuamua sheria ya barabara zao. Mlezi wetu akatuuliza, "Na jumuiya ndogo kuliko jimbo ni ipi?" Tukasema kaunti. "Ndogo kuliko kaunti?" Mji. "Ndogo kuliko mji?" Tukanyamaza, maana sote tulijua anakoelekea, na sisi hasa tuliona mkeka, koti la Baba, na Mama akiwa mlangoni. Polisi waliokuja usiku ule waliifanya kazi ambayo familia ilikuwa imeshindwa. Lakini hakuna aliyetuuliza kama tulikuwa tumeshindwa kweli, au tulikuwa tumekosa tu daktari.

Desemba tulikwenda likizo. Kaka anapata sindano kila mwezi, anafuga kuku, na Jumapili nyingine anakaa benchi la nyuma kigangoni, karibu na dirisha alilolivunja. Tulimsimulia habari za Padre na misalaba ya kijani, akafurahi sana kuhusu dawa ya mafua. Kisha akauliza kama ni kweli kwamba kule hakuna orodha ya magonjwa.

"Ni kweli," tukamwambia. "Daktari akisaini, basi."

"Kwa hiyo mimi na kichwa changu hiki ningepewa kadi?"

"Ungepewa."

Alifikiri kidogo. "Na kama ningekutwa na misokoto miwili bila kadi?"

"Tangu mwaka 2017, kosa dogo. Usingekaa ndani miezi ile."

Baba alikuwa karibu, anakarabati banda. Nyundo yake ilinyamaza, kisha ikaendelea. Mama akatoka jikoni na sinia la mihogo, akaliweka katikati yetu.

"Kadi ya nini? Menyeni mihogo, Baba yenu ana njaa."

Kaka akachukua kisu, akamenya. Jumatatu yake ilikuwa siku ya sindano, na safari hii Baba alisema atampeleka mwenyewe.